Mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo: azoee watu, asikanyage kila mahali

Kutoka Ngara na Biharamulo swali ni lile lile, maneno tu ndiyo hubadilika: nimepata mtoto wa mbwa, hajamaliza chanjo, nimfungie mpaka amalize au nimwache azurure azoee? Mtaalamu wa mifugo kasema mfungie. Jirani kasema mwache, mbwa wetu wote wamekua hivyo hivyo. Ukimsikiliza wa kwanza peke yake utapata mbwa mwoga anayeng'ata watoto wa shule. Ukimsikiliza wa pili, usishangae ukifukia kijibwa nyuma ya migomba kabla hajafikisha miezi mitatu.

Fanya hivi: mtoe nje kila siku, lakini mbebe. Aone, asikie, anuse, ashikwe na watu walionawa. Miguu yake isiguse ardhi usiyoijua mpaka chanjo zikamilike. Mengine yote hapa chini ni namna ya kulifanya hilo katika mazingira yetu, ambako hakuna darasa la watoto wa mbwa, uzio ni wa mabua, na mbwa wa kitongoji kizima hupita uani kwako usiku.

## Kwa nini asisubiri

Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12 au 14, mtoto wa mbwa hukubali karibu kila anachokutana nacho bila kuogopa. Baada ya hapo kila kigeni humtia hofu. Jambo hili lilichunguzwa zamani huko Bar Harbor, Marekani: mwaka 1961 watafiti walieleza jinsi watoto wa mbwa walioachwa bila kushikwa na watu hadi wiki ya 14 walivyobaki waoga kama wanyama wa porini.

Sasa piga hesabu. Chanjo ya mchanganyiko huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho hutolewa akifika wiki ya 16. Ukingoja amalize, muda wa kuzoea umeshapita.

Kwetu kuna la ziada. Mbwa mwoga akimng'ata mtoto, habari haiishii kwenye kidonda. Swali la kwanza ni kichaa: safari ya hospitali, sindano, ugomvi na wazazi, na mara nyingi mbwa anamalizwa kwa rungu jioni hiyo hiyo.

## Unamkinga na nini hasa

Magonjwa hayafanani, na kinga zake hazifanani.

- Parvo. Huyu ndiye muuaji mkuu wa watoto wa mbwa. Kutapika, kuhara damu yenye harufu kali, kulegea, kisha kufa ndani ya siku chache. Virusi vyake hutoka na kinyesi na hukaa ardhini miezi mingi, hata kufikia mwaka, hasa kwenye kivuli na unyevunyevu. Huja pia kwa soli ya gambuti na kwa tairi la bodaboda. Mbwa mwenyewe si lazima afike kwako.
- Distempa. Hii husafiri kwa hewa: kikohozi, makamasi, machozi mazito, baadaye mtetemeko na degedege. Jua kali huimaliza haraka, kwa hiyo haikai ardhini kama parvo, lakini kumbeba hakutoshi kama unasimama karibu na mbwa anayekohoa. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini walihusishwa. Sisi tunaopakana na Burigi-Chato, hifadhi ya taifa tangu 2019, tulitafakari hilo.
- Kichaa cha mbwa. Nimekipa sehemu yake mbele.
- Homa ya mgunda. Watanzania wengi walilisikia jina hili mwaka 2022, ilipozuka Ruangwa mkoani Lindi. Hupatikana kwenye mkojo wa panya na maji yaliyotuama. Usimruhusu kunywa maji ya dimbwi, na usiache chakula chake usiku kikavuta panya.
- Minyoo. Karibu kila mtoto wa mbwa huzaliwa nayo au huinyonya kwa mama. Dawa ianze akiwa na wiki 2, irudiwe kila wiki 2 hadi wiki ya 8 angalau, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Minyoo hiyo humwingia pia mtoto wako anayecheza mchangani.

## Kabla hujamchukua

Muulize anayekupa, tena uani kwake, si kwa simu:

1. Mama yake amechanjwa? Naomba kuona kadi.
2. Je, kuna mtoto wa mbwa aliyekufa hapa kwa kuhara damu ndani ya mwaka huu?
3. Ana wiki ngapi?

Swali la pili ndilo zito, na wengi huona haya kuliuliza. Kama jibu ni ndiyo, tafuta kwingine.

Kuhusu umri, usitegemee "ana miezi miwili hivi". Fungua mdomo. Meno ya mbele huanza kuchomoza wiki ya 3 au ya 4, na akifika wiki ya 8 kwa kawaida meno yote ya utotoni yametoka, membamba na makali kama sindano. Ukikuta ufizi una mapengo, huyo hajafika. Mwache kwa mama hadi wiki ya 8. Kwetu wengi hupewa mara tu anapoanza kulamba uji, wiki ya 4 au ya 5, na hapo hajafundishwa na ndugu zake kupima nguvu ya kung'ata. Kama umeshamchukua mapema, kazi hiyo ni yako: akikuuma mchezoni, ondoa mkono, nyamaza, mgeuzie mgongo kidogo. Usimpige mdomoni.

Watoto wa mbwa wanaouzwa gulioni wakiwa wamechanganywa ndani ya gunia, kutoka nyumba tofauti, waache. Najua wanatia huruma.

## Dai chanjo, na ujue unachochomewa

Hapa ndipo watu wanapoibiwa au wanapojidanganya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ziko chanjo mbili tofauti. Ya kichaa ni moja, na mara nyingi ndiyo inayopatikana kwa afisa mifugo wa kata. Ya mchanganyiko, inayokinga parvo, distempa na mengine, ni nyingine, na huenda ikabidi iagizwe. Mbwa aliyechomwa ya kichaa hana kinga yoyote ya parvo. Ukisikia "huyu kashachanjwa", uliza: ya nini?

Mambo ya kuangalia:

- Sindano ya OTC ni dawa ya vijidudu, si chanjo. Ivermectin ni ya minyoo na wadudu, si chanjo, na kipimo cha ng'ombe kinaweza kumwua kijibwa.
- Chanjo ya mchanganyiko huja na vichupa viwili: kimoja kina unga mkavu ulioganda chini, kingine kina maji yake. Vichanganywe mbele yako, achomwe hapo hapo. Ikiletwa tayari imevutwa kwenye bomba la sindano, tena ndani ya mfuko wa shati, kataa kwa heshima.
- Ihifadhiwe kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kama inasafirishwa kwa basi hadi Ngara mjini au Biharamulo, iwe kwenye kiboksi au chupa ya chai yenye barafu, imefungwa na kitambaa isigusane na barafu yenyewe. Kuganda huiharibu kama joto linavyoiharibu.
- Stika ya kichupa ibandikwe kwenye kadi, pamoja na tarehe ya kurudi. Kadi isiyo na stika wala namba ya chanjo ni karatasi tu.
- Dozi moja haitoshi. Kinga aliyoinyonya kwa mama inaweza kuizuia chanjo isishike, na hakuna anayejua kwa macho ni lini kinga hiyo itaisha. Ndiyo maana hurudiwa mpaka wiki ya 16.

Mwaka 2008 chama cha Marekani cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia kilisema mtoto wa mbwa anaweza kuanza kuchanganyika na wenzake siku 7 baada ya chanjo ya kwanza, akiwa ameshapewa dawa ya minyoo. Nakubaliana nacho, lakini usiuchukue ushauri huo mzima mzima. Wao wanazungumzia chumba chenye sakafu inayooshwa, na wenzake wote wamechanjwa. Stendi ya Nyakanazi si chumba hicho.

Na kama ya mchanganyiko haipatikani kabisa? Mchome ya kichaa, endelea kumbeba, na uwe mkali zaidi na uwanja wako. Mazoea yasisimame kwa kukosa dozi.

## Tengeneza kipande kimoja salama

Huhitaji uwanja mkubwa. Chagua kipande cha uani ambacho hakuna mbwa mgeni aliyelala wala kuugua kwa mwaka mmoja, kizungushiwe miti, mabua au wavu wa kuku. Hapo ataruhusiwa kukanyaga, kuchimba na kukimbia.

- Viatu vya sokoni, vya machinjioni na vya shambani vibaki nje ya kipande hicho. Weka kandambili zake maalumu.
- Sakafu ya saruji ioshwe kwanza kwa sabuni, kisha jiki: sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 30 za maji, ikae dakika 10 kabla ya kusuuza. Jiki ikimwagwa juu ya kinyesi haifanyi kazi.
- Ardhi ya udongo haioshwi kwa jiki. Ikipigwa vizuri na jua inasaidika, lakini kama parvo ilishaingia hapo, tafuta kipande kingine.
- Kinyesi kiokotwe kila siku, kitupwe chooni.
- Weka ndoo ya maji tiririka na sabuni mlangoni. Tangu korona, na kwa Biharamulo tangu Marburg ya Januari 2025, hakuna mgeni anayeshangaa kuambiwa anawe.

## Jinsi ya kumtoa

Chukua tenga dogo au kikapu kirefu, tandika gunia safi na shuka kuukuu. Kwenye baiskeli, kreti iliyofungwa vizuri kwenye keria inatosha. Wengine hufunga kitenge kifuani na kumweka humo. Watu watacheka siku mbili, kisha watazoea nao. Ukimbeba kwa mikono, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Kumninginiza kwa miguu ya mbele kunamuumiza mabega, na kunamfundisha kuwa mikono ya watu ni ya kukimbiwa.

Mfukoni uwe na dagaa waliochemshwa bila chumvi, wamekatwa vipande vidogo. Dagaa ndiye atakayefanya kazi kubwa kuliko wewe.

Utaratibu wenyewe:

1. Siku za kwanza kaa naye mlangoni au kwenye kibaraza dakika 10. Bodaboda ikipita, mpe dagaa. Mtu mwenye mzigo kichwani akipita, mpe dagaa.
2. Akizoea, sogea naye: njia panda, karibu na mashine ya kusaga, nje ya uzio wa shule watoto wakitoka, nje ya kanisa kwaya ikifanya mazoezi, mahali anaposikia adhana kwa kipaza sauti.
3. Kila mara anza mbali, ndipo ukaribie. Akikataa dagaa ambaye nyumbani humrukia, umekaribia mno. Rudi hatua kumi, tulia, jaribu tena.
4. Soma mwili wake. Masikio yamelala nyuma, mkia umeingia katikati ya miguu, anapiga miayo bila usingizi, anajilamba midomo, ameganda kama jiwe: hiyo ni hofu. Watu wengi huona aliyeganda wakasema "mpole huyu".
5. Rudi nyumbani angali na furaha. Dakika 15 zinatosha, na siku ya mvua kubwa mwache alale. Lakini mvua inapoanza kupiga bati, mpe dagaa ndani ya nyumba. Hilo nalo ni zoezi.

Mambo ambayo mbwa wa huku atakutana nayo maisha yake yote, basi ayaone mapema: mwavuli unaofunguliwa, jembe begani, gambuti, fimbo ya mchungaji, baibui na kanzu, sare za shule, mlevi anayeongea kwa sauti akitoka kwenye rubisi, honi ya semitrela kwenye barabara ya Rusumo, tochi usiku.

Mahali pa kutompeleka hata kwa kumbeba, au angalau usimshushe kamwe:

- mnadani na machinjioni;
- bucha na vibanda vya mama lishe vya Benaco, Lusahunga na Nyakanazi, ambako madereva hutupa mifupa na mbwa wasio na mwenyewe hukusanyika;
- dampo;
- sakafu ya duka la dawa za mifugo. Wagonjwa wote hupita hapo. Mshike mapajani mpaka zamu yenu.

## Watu, na hasa watoto

Lengo ni watu wa namna nyingi, wachache kwa siku, kila mmoja akiwa amenawa. Sema tu: "Shikamoo bibi, naomba huyu mdogo akuzoee. Maji ya kunawa haya hapa, dagaa huyu hapa." Bibi akimpa dagaa mmoja na kumgusa kidevuni, imetosha. Asimguse kichwani kwa kutokea juu. Hofu ya mkono unaoshuka huanzia hapo.

Kwa watoto weka sheria tatu na uzisimamie wewe mwenyewe, usimwachie kaka mkubwa:

- Mnakaa chini, hamsimami na kumzunguka.
- Mmoja baada ya mwingine, hakuna kunyang'anyana.
- Akila au akilala, haguswi.

Jirani yako Mwislamu huenda asitake mate ya mbwa yamguse nguo, na hiyo ni haki yake. Usimsogezee kijibwa ukisema "hana neno". Kaa mbali kidogo, mwombe amrushie dagaa. Kijibwa atajifunza kuwa mtu wa kanzu ni mwema, na atajifunza pia kutomrukia kila mtu, jambo ambalo hata wasio Waislamu watakushukuru.

## Mbwa wenzake

Anahitaji mbwa wenzake, ila wa kuchagua. Mbwa mzima anayefaa ni yule aliyechanjwa na ana kadi, mpole, hajaugua hivi karibuni, na hatoki kuzurura usiku. Kwetu sifa ya mwisho ndiyo ngumu. Ukimpata hata mmoja, mlete kwenye kipande chako salama, au mpeleke kijibwa kwake ikiwa jibu la swali lile la kuhara damu ni hapana. Waache wanuse kwa dakika chache. Mbwa mzima akimkoromea kidogo kwa kuruka ruka, usiingilie; akimbana chini asimwachie, watenganishe.

Mbwa wengine awaone kwa mbali akiwa kwenye tenga.

## Ng'ombe, mbuzi, kuku

Hapa wasomaji wa Ngara wana haraka kuliko wote, kwa sababu mbwa anayefukuza mbuzi wa mtu ni kesi kwa mwenyekiti wa kijiji. Mbebe hadi kwenye zizi lako mwenyewe, mwache aangalie kutoka mikononi, mpe dagaa akitulia. Kuku wakipita, mgeuze akutazame wewe, mpe dagaa. Rudia kila siku. Usimsubiri akimbize ndipo umpige. Kukimbiza kwenyewe kunamfurahisha kuliko kipigo kinavyomuuma.

Usimlishe matumbo mabichi wala mapafu na maini yenye vivimbe vya maji. Hayo humwingizia tegu ambayo mayai yake huja kumsumbua mtu.

## Wa pembeni ya pori

Kwa wanaoishi kandokando ya Burigi-Chato: usimpeleke porini "azoee kuwinda" akiwa mdogo. Mbung'o humwambukiza mbwa nagana kama wanavyomwambukiza ng'ombe. Dalili ni homa, kuishiwa damu, tezi kuvimba, na mara nyingi jicho linakuwa na ukungu mweupe au wa bluu. Likitokea, ni kwa daktari, na haraka. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo hata shuka la tenga lisiwe la rangi hizo.

Kila jioni mkague: kupe masikioni na katikati ya vidole, viroboto tumboni, funza kwenye nyayo. Usimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wanaokufa kwa dawa hiyo huzikwa wakisemwa wamelogwa.

## Kampeni ya chanjo ya kichaa

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na kampeni nyingi za chanjo hupangwa karibu na tarehe hiyo. Mpeleke, hata kama hajafika miezi 3. Chanjo ya kichaa inaweza kutolewa kwa mdogo pia, ila aliyechomwa chini ya miezi 3 arudiwe baadaye, naye afisa mifugo atakupa tarehe.

Lakini fikiria mahali penyewe: mbwa wengi chini ya mwembe mmoja, wamevutwa kwa kamba, wanagombana, wanakunya hovyo. Kwa asiye na kinga ya parvo hapo ni hatari tupu. Kwa hiyo:

- Fika mapema, kabla umati haujajaa.
- Abaki kwenye tenga, nawe usimame pembeni, upande upepo unakotoka.
- Mwombe afisa amchome akiwa mikononi mwako.
- Mpe dagaa kabla na baada ya sindano.
- Ukifika nyumbani vua viatu nje, vioshe.

## Kichaa: pasipo mzaha

Kosa linaloua watu ni kudhani mtoto wa mbwa hawezi kuwa na kichaa. Anaweza, na watoto ndio wanaomkumbatia.

Kijibwa akiumwa na mbwa asiyejulikana, mbweha au fisi, usifiche. Mtenge, vaa glavu au mifuko ya nailoni ukimhudumia, mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Ukiona amebadilika ghafla, anang'ata mawe na vijiti, sauti imekauka, taya limelegea, mate yanamtiririka kama aliyekwamwa na mfupa, usiingize mkono mdomoni kuutafuta huo mfupa.

Mtu akiumwa, akikwaruzwa, au mate yakigusa kidonda chake:

1. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake majani, mafuta ya taa wala majivu.
2. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Ukiambiwa chanjo haipo, uliza ni hospitali gani inayo na uende, usirudi kulala.
3. Maliza dozi zote, hata kidonda kikipona.
4. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na aangaliwe siku 10. Kumuua na kumtupa kunapoteza ushahidi ambao daktari anauhitaji.

Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

## "Lakini akizoea watu, nani atalinda?"

Hoja hii huletwa na wazee, na inastahili jibu. Mbwa huanza kulinda kwa dhati akikaribia mwaka au kuupita. Aliyekulia kati ya watu hujua tofauti ya mama anayepita kwenda kisimani mchana na mtu anayeruka uzio saa nane usiku. Mwoga humbwekea kila kitu, mpaka wewe mwenyewe unaacha kuamka kutazama. Na mwizi akimrushia jiwe la kwanza, anaingia chini ya kitanda.

Kumlisha nyigu, pilipili au bangi ili awe mkali ni kumtesa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 haivumilii mateso kwa wanyama. Kumfungia kwenye banda giza mchana kutwa kwa lengo hilo hilo kunazaa mbwa atakayemng'ata mwanao.

"Sina muda." Una safari ya mashine, ya dukani, ya kanisani. Mbebe.

"Hela ya chanjo ya mchanganyiko sina." Basi dawa ya minyoo, chanjo ya kichaa, uwanja safi na tenga. Halafu zungumza na majirani wenye mbwa. Chanjo ikiagizwa kwa pamoja, nauli na barafu mnagawana.

## Kama umechelewa

Ana miezi 5 na anajificha mgeni akija? Maliza kwanza chanjo. Katika umri huo dozi hupungua, daktari atakuambia. Kisha fuata hatua zile zile, polepole zaidi, kwa miguu yake na kwa kamba. Usimburute kwa mgeni "amzoee". Mgeni akae, asimtazame usoni, awe anadondosha dagaa karibu na miguu yake mwenyewe, na kijibwa aachwe aamue lini asogee. Wengine huchukua siku chache, wengine miezi. Wakati wote huo, watoto wanapotoka shule afungwe ndani ya uzio, na kibao cha "Mbwa mkali" kiandikwe kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuzisoma.